Azima ya Gobore

Kama uko kwenye Noah unatoka Kisarawe mjini kuelekea Maneromango, na mbele yenu kuna lori limebeba nguzo, hebu itazame ile nguzo iliyozidi wenzake urefu. Kwenye ncha yake pamefungwa kitambaa chekundu. Mara nyingi ni kipande cha kanga kuukuu, kimeshachanika kwa upepo na kupauka kwa vumbi. Utingo ndiye aliyekifunga kabla lori halijang'oa nanga kule porini, na hakuna dereva nchi hii asiyejua maana yake: kaa mbali, hapa kuna kitu kimechomoza.

Nimekikumbuka kitambaa hicho kwa sababu ya mjadala ambao Wamarekani wamekuwa nao kwa miaka sasa, juu ya sheria wanazoziita za bendera nyekundu. Zinavyofanya kazi ni hivi. Mtu ana bunduki yake, ameinunua kihalali, hajamkosea mtu. Lakini watu wa nyumbani kwake, au polisi, wanaona mambo yake yamebadilika. Anatishia, au anaaga watu bila safari. Wanakwenda kwa hakimu, wanaeleza. Hakimu akiridhika, bunduki inachukuliwa kwa muda, mara nyingi isizidi mwaka, kisha hali inatazamwa upya na mwenyewe anarudishiwa kama hatari imepita. Hafungwi, wala haandikiwi kosa. Jimbo la Connecticut ndilo lililoanza, mwaka 1999. Leo majimbo zaidi ya 20 yana sheria ya namna hiyo, na ugomvi uliobaki ni wa kuitanua: nani zaidi aruhusiwe kwenda kwa hakimu? Mwalimu? Daktari? Mfanyakazi mwenzake? Mke aliyekwishaachwa?

Najua unachotaka kuniuliza. Marekani na Kibuta, huku kwetu Kisarawe, wapi na wapi? Sisi hapa tuna korosho, tuna mihogo, tuna mkaa tunaoufanya siri ambayo kila mtu anaijua. Bunduki za nini?

Ngoja nikueleze habari ya mjomba wangu.

Mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa na gobore. Nimelikuta nikiwa mtoto, limelazwa darini juu ya jiko, mahali moshi unapopita ili kutu isipite. Mtutu wake ulikuwa bomba la chuma ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kusema lilitoka kwenye kitu gani. Kitako kilikuwa cha mkongo, kimelainishwa na mashavu ya watu watatu, kwa maana lilianzia kwa babu yake. Ukitaka kulitumia unamimina baruti kwa mbele, unashindilia makumbi ya nazi, unatia vipande vya nondo, unashindilia tena, unabandika fataki, unaomba Mungu. Likikubali, linakubali. Likikataa, una muda wa kutosha wa kutukana kabla nguruwe hajakufikia.

Maana kazi yake ilikuwa nguruwe pori. Yeyote aliyelala dungu anajua: unapalilia miezi mitatu, nguruwe anakuja usiku mmoja na watoto wake, asubuhi unakuta shamba limelimwa upya. Gobore ndilo lililokuwa bima yetu ya mazao. Mzoga uliishia wapi, kijiji chenyewe ni cha Waislamu, tusiulizane. Walikuwepo watu wa baiskeli waliokuja usiku wakaondoka usiku.

Sasa mjomba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Akafa na pikipiki barabara ya Morogoro, pale Kiluvya, akiwa na abiria. Mazishi yakapita, arobaini ikapita. Mjomba hakulia mbele ya watu. Aliacha tu kwenda msikitini, halafu akaacha kuoga, halafu akaanza tabia ya kukaa nyuma ya nyumba kila alasiri na lile gobore mapajani, kitambaa mkononi, chupa ya mafuta ya nazi pembeni, analisugua.

Ilikuwa Agosti. Mahindi yamekwishavunwa, mihogo mipya bado ni vijiti. Bibi yangu, mama yake mjomba, ambaye shule aliiona kwa mbali, alisimama mlangoni pa jiko akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Anasafisha mtutu na shamba halina kitu."

Bibi hakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hakwenda polisi. Alijifunga kanga yake akavuka njia hadi kwa mzee mmoja jirani, Mnyamwezi aliyekuja pwani ujanani kutafuta kazi akaoa hapo hapo na kusahau nauli ya kurudi Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na yeye alikuwa mtani wa mjomba kikweli kweli, wa kuchukuliana kuku. Sikusikia bibi alimwambia nini. Nilichokiona ni yule mzee kutokea jioni ile ile, fimbo mkononi, akamsimamia mjomba kichwani.

"Mtani, lete hilo bomba lako. Nguruwe wamenimaliza mihogo."

"Mihogo gani? Wewe Mnyamwezi umepanda lini mihogo?"

"Ile niliyokuibia."

Mjomba hakucheka. Lakini mtani akikuomba kitu mbele ya watu humnyimi, ndiyo kanuni. Akampa. Mzee akageuka, akapiga hatua mbili, akarudi. "Na baruti. Au unataka niwapige kwa kitako?" Akapewa na baruti, ndani ya kopo la dawa ya mswaki... samahani, la dawa ya kikohozi, naliona mpaka sasa.

Basi. Hiyo ndiyo sheria ya bendera nyekundu, msikilizaji, imetekelezwa kwenye kata ya Kibuta bila hakimu wala karani. Aliyeona ni mama. Aliyechukua ni mtani. Ilichukuliwa kwa jina la azima, si kwa jina la kunyang'anywa, na azima ina adabu zake: kitu kinabaki cha mwenyewe, mashahidi wapo, na siku ya kukirudisha ipo hata kama haijatajwa.

Nataka tukae hapo kwenye neno azima, kwa sababu naona ndiko mjadala wa Wamarekani unakokwama na ndiko wetu unakopaswa kuanzia.

Kwao, kundi moja linasema mnaninyang'anya haki yangu ya kikatiba kwa maneno ya jirani, sijahukumiwa na mtu. Kundi la pili linasema mnasubiri mpaka maiti ziwe ngapi? Jimbo la Maine lilijaribu kupita katikati. Likatunga sheria nyepesi zaidi, wenyewe wakaiita ya bendera ya njano: jamaa hawezi kwenda mahakamani moja kwa moja, lazima polisi kwanza wamshike mhusika, apimwe na mtaalamu wa afya, ndipo hakimu aingie. Oktoba 25, 2023, mjini Lewiston, askari mmoja wa jeshi la akiba aliingia kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi, kisha kwenye baa, akaua watu 18. Ilipokuja kuchunguzwa, ikaonekana bendera ilikuwa imepeperushwa miezi mitano kabla. Mtoto wake na mama wa mtoto huyo walikuwa wamewaambia polisi kwamba baba anasikia watu wakimsema, na amejilimbikizia bunduki. Mwezi Septemba askari mwenzake naye akaandika ujumbe kwamba anahofia huyu mtu ataua watu wengi. Polisi walikwenda nyumbani kwake wakagonga. Hakufungua. Wakaondoka. Novemba 2025 wananchi wa Maine wakapiga kura kuitanua sheria, ili ndugu wa nyumbani aweze kwenda kwa hakimu mwenyewe.

Wale watu hawakukosa macho. Mtoto aliona, mke wa zamani aliona, rafiki aliona na akaandika. Kilichokosekana ni mkono wa kupokea.

Sasa turudi kwetu, na hapa naomba uniongezee sauti kidogo.

Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015, ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya 1991. Ukitaka bastola ya kihalali, maombi yako yanaanzia chini, ofisi ya kijiji au mtaa, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama hadi polisi makao makuu. Maana yake ni kwamba siku ya kuomba, watu wanaokujua wanaulizwa: huyu mtu ana akili timamu? Ni mgomvi? Mlango huo wa kuingilia ni mzuri, na Wamarekani wengi wangeuonea wivu. Na leseni inaweza kufutwa. Lakini hebu niambie wewe unayepita ofisi ya kijiji kila siku kugonga muhuri wa barua ya mwanao ya shule. Pale kwenye ubao, kati ya tangazo la chanjo na la mchango wa darasa, umewahi kuona karatasi inayosema: kama hali ya mwenye silaha imebadilika, njoo hapa, sema hivi, utalindwa hivi? Mtendaji aliyemwombea fulani bastola mwaka 2017 amewahi kumwita mke wa fulani mwaka 2022 akamuuliza, mama, bado unalala usingizi?

Mwaka 2016 palikuwa na uhakiki wa silaha nchi nzima, hata hayati Rais Magufuli akahakiki zake. Zoezi zuri. Lilihesabu vyuma na namba zake. Mwenye chuma ana moyo unaobadilika kila msimu, na moyo hauna namba ya usajili.

Wenye umri wa kukumbuka mnakumbuka Oktoba 2013, pale Kibamba, kabla hujavuka kuingia Kibaha. Mtangazaji wa televisheni alipigwa risasi na mchumba wake nyumbani kwa mama yake. Mtangazaji akapona, akatibiwa Muhimbili. Mama yake akafa. Mwanaume akajiua. Na Mei 2022 kule Mwanza, mfanyabiashara akammiminia mkewe risasi, kisha naye akakutwa amekufa ziwani. Baada ya kila tukio kama hilo, sikiliza watu msibani. Hakuna anayesema "tumeshangaa." Wanasema "tulijua." Tulijua, alikuwa anamtishia. Tulijua, alishawahi kuiweka mezani wakati wa kula. Nchi nzima ya watu waliojua, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme.

Kwa nini hawasemi? Waswahili si mabubu, tunasema mpaka ya ndani ya sufuria. Hapa Pwani naziona sababu, na ya kwanza ni hili gobore lenyewe.

Gobore la mjomba halikuwa na karatasi, na mengi yako hivyo. Kumiliki silaha bila kibali ni kosa linaloweza kukupeleka kwenye uhujumu uchumi, na huko hukumu inahesabiwa kwa miaka 20 hadi 30. Mke ambaye mumewe amelewa na kumwelekezea mtutu, akitoka pale kwenda polisi, hachagui kati ya usalama na hatari. Anachagua kati ya usiku mmoja wa hofu na watoto wake kukua bila baba. Wengi wanachagua usiku mmoja wa hofu, na ukiwa umekaa jikoni kwao huwezi kuwaita wajinga. Bibi yangu alikuwa na sababu ya kuvuka njia badala ya kupanda gari kwenda Kisarawe mjini.

Serikali yenyewe inaliona hilo, ndiyo maana hutangaza msamaha. Umoja wa Afrika uliufanya mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha bila kushitakiwa, na kwetu wizara ya mambo ya ndani imewahi kuufungua mlango huo Septemba na Oktoba. Mjomba alipofariki, binamu zangu walilifunga gobore kwenye mkeka kama mgonjwa wakalisalimisha katika msimu mmojawapo wa namna hiyo. Walipokelewa vizuri, wakaandikiwa jina, wakarudi. Sina neno na utaratibu huo. Ila hasira haina kalenda. Mjomba alianza kusugua mtutu Agosti.

Sababu ya pili inaumiza zaidi kuisema. Wengi wetu tuna ndugu kule Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Kati ya 2015 na 2017, waliokuwa wanapigwa risasi usiku milangoni mwao walikuwa akina nani? Wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Watendaji. Askari, pamoja na wale wanane waliouawa siku moja Aprili 2017 pale Mkengeni. Yaani wale wale ambao leo ningependa uwapelekee habari kwamba fulani ana silaha na hali yake si nzuri. Mtendaji kijana aliyepangiwa kazi mkoa huu anaikumbuka miaka hiyo. Akikusikiliza huku anatazama dirishani, mwelewe.

Halafu kuna lile la kujiua. Wenzetu wa nchi nyingine wametazama majalada. Kule Connecticut watafiti walipekua amri 762 za miaka ya mwanzo, wakakadiria kwamba kwa kila amri kumi hadi ishirini mtu mmoja aliokolewa asijiue. Watu wengi wanadhani sheria hizi ni za kuzuia wauaji wa mashuleni, kumbe kazi yake kubwa ya kimya kimya ni kumkinga mtu na mkono wake mwenyewe. Kwetu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mama aende polisi aseme nini? Mwanangu anataka kutenda kosa, njooni mumkamate? Kenya nao walikuwa na kifungu cha namna hiyo, Mahakama Kuu ikakitupa Januari 2025 ikisema kinakwenda kinyume na Katiba. Sisi tungeanzia hapo, kabla hata ya kuzungumza habari za bunduki.

Nasikia mtu ananiambia, bwana wewe, mwenye hasira akikosa bunduki atashika panga. Kweli. Na niseme wazi, wanawake wengi wanaouawa na waume zao nchi hii hawauawi kwa risasi. Wanauawa kwa panga, kwa mchi, kwa ngumi. Sikatai. Lakini panga lina kelele na lina mbio. Panga linampa jirani nafasi ya kutoka na mchi wake. Bastola haimpi mtu nafasi ya kujuta, inamaliza kabla mwenye kuifyatua hajajua anachofanya. Gobore angalau lina huruma ya kuchelewa.

Pingamizi ambalo linaninyima usingizi kweli ni jingine. Ni fitina. Kisarawe ya leo si ile ya mjomba. Ekari ambayo babu aliipata kwa kufyeka, leo inatafutwa na watu wa mjini wenye magari ya vioo vyeusi. Ndugu wanashitakiana kwa mikorosho mitatu. Mkulima na mfugaji wanatazamana kwa jicho la pembeni. Weka sheria inayosema yeyote akitoa taarifa silaha inachukuliwa, halafu hesabu siku mpaka atokee kaka wa kambo kusema kaka yake ni kichaa, kumbe anataka shamba libaki bila mlinzi usiku. Au mtu amegombana na mwenyekiti mkutanoni, kesho yake anaambiwa hali yake si nzuri. Wamarekani wanaotetea bunduki zao huwa wananichosha, lakini katika hili wanasema kitu. Kumtangaza mtu kuwa ni hatari ni jambo zito, na kijijini neno likishatoka halirudi. Mtu anaweza kurudishiwa bunduki yake asirudishiwe jina lake.

Nimezunguka na swali hili sana, na kila mara narudi kwa yule Mnyamwezi.

Kwa nini bibi alimchagua yeye? Alikuwa na wanawe wengine, kwa nini asimtume kaka yake mjomba? Kwa sababu kaka ni mrithi, na mrithi akichukua kitu cha mtu, hata kwa nia njema, inaonekana ameanza kurithi. Kwa nini si mwenyekiti? Kwa sababu mwenyekiti akishajua, serikali imejua. Mtani hana urithi pale, na hana pingu. Tena ana leseni ya kusema ukweli mbaya kwa kicheko, na ndiye atakayefanya vituko msibani kwako ukifa, kwa hiyo ana haki fulani ya kukwambia usife.

Basi swali langu kwa wabunge wetu, kama kuna siku watakaa kuirekebisha sheria ya 2015, si kama bendera nyekundu ni nzuri au mbaya. Nataka kujua mtani ni nani katika sheria hiyo. Afrika Kusini, katika sheria yao ya mwaka 2000, walimpa msajili wa silaha uwezo wa kumtangaza mtu kuwa hafai kushika bunduki kama mahakama imetoa amri ya kumlinda mwenzi wake dhidi yake, au kama ametamka kwamba ataua. Lakini wao wana sheria ya ukatili wa nyumbani ya kutundikia amri hiyo. Kenya nao wana yao ya 2015. Sisi Bara tunacho kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachosema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, kisha kinanyamaza. Hakina msumari wa kutundikia kitu.

Mimi ningeliweka dawati moja, na lisiwe jipya. Dawati la Jinsia la polisi lipo, ofisa ustawi wa jamii yupo hata kama anahudumia kata kumi, na siku hizi kata zinapangiwa mkaguzi wake wa polisi. Mke, mzazi au mtoto mtu mzima aende pale mwezi wowote, aseme. Silaha ichukuliwe, iandikwe kwenye daftari kwamba imeazimwa, tarehe hii, mashahidi hawa, itazamwe upya tarehe ile. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aipitie ndani ya siku chache na mwenye silaha asikilizwe. Kama ni gobore lisilo na karatasi, lihesabiwe limesalimishwa, mtu asifungwe kwa sababu mkewe alitaka kulala. Na atakayeleta fitina kwa kiapo cha uongo, huyo ndiye tumpeleke mahakamani, mchana, watu wakiona.

Najua kuna tundu humo. Naliona. Uganda, Mei 2023, ndani ya wiki mbili hivi, mlinzi alimuua waziri aliyekuwa anamlinda, kanali mstaafu Charles Engola, kisha konstebo mmoja wa polisi akamuua mkopeshaji wa fedha mjini Kampala. Huyu konstebo, polisi wenyewe walisema, alikuwa amekwishapigwa marufuku kushika silaha kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Bendera ilikuwepo, na ilitambuliwa kwa maandishi. Yeye akachukua tu bunduki ya askari mwenzake aliyekuwa anakaa naye. Kwa hiyo ukiazima gobore la mtu, tazama pia dari la jirani yake.

Mtani wetu alilijua hilo. Niligundua baadaye sana kwamba usiku ule ule alizunguka nyumba tatu nyingine zenye magobore, akawaambia wenyewe, kwa utani, kwamba mjomba akija kuazima wamwambie limeharibika fataki. Wote wakaitikia. Na mjomba kweli alikwenda nyumba mbili.

Mwaka ukaanza kuzunguka. Mvua za vuli zikaja, mjomba akapanda kidogo. Nguruwe wakaja nao, akalala dungu na debe tupu na fimbo, anapiga debe usiku kucha kama mtu wa ngoma. Kila alipomuuliza mtani habari za gobore, jibu lilikuwa lile lile, nguruwe bado. Masika yakaja. Mjomba akarudi msikitini, kwanza Ijumaa tu. Mwezi wa Julai, jioni moja, walikuwa barazani wanamenya mihogo, na mjomba akauliza bila kuinua uso:

"Mtani, hao nguruwe wako hawafi?"

"Wanazaa."

Mjomba akaacha kisu. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka bibi akatoka jikoni kutazama kuna nini, akawaona, akarudi ndani bila kusema neno.

Gobore lilirudi wiki ile ile, mtutu umejaa kutu. Yule mzee hakulipaka mafuta hata siku moja, alilitia chini ya kitanda akaliacha. Mjomba alimsema kwa kutu hiyo miaka yote iliyofuata, hadharani, harusini, hata siku ya mazishi ya mzee mwenyewe, pale kaburini, kama watani wanavyofanya, alimdai chupa ya mafuta ya nazi.